Mfereji Uliofungwa kwa Heshima

Kofi la kwanza Mwanahamisi hakuliona likija. Alikuwa bado ameinama mlangoni anavua viatu vilivyojaa tope, shikamoo aliyompa kaka yake haijaitikiwa, na maneno aliyokuja nayo kutoka mjini ameshayatoa: mchukue mkeo na mtoto mtoke leo hii, mlima huu hausimami. Yassir akamzaba kofi la shavu, akamrudia kwa nyuma ya mkono, na dada mtu akaenda kukaa kwenye tope la uani huku mvua inamnyeshea.

Watu wa Kwemtindi watakwambia Yassir hakuwa mkatili. Waache waseme, marehemu hasemwi vibaya. Yassir alikuwa na mkono mwepesi tangu utoto, na mdogo wake huyo ndiye aliyeujua zaidi. Lakini siku hiyo alikuwa na haki ya kukasirika, na hapo ndipo kisa hiki kinaponiuma mimi.

Masika ya mwaka uliotangulia lilitoka tangazo kwamba mlima wa juu ya kitongoji utaporomoka, kila mtu ahame. Wakahama. Wakalala kwenye sakafu ya madarasa kule bondeni, na baridi ya Usambara unaijua, haina huruma na kitoto kichanga. Mtoto wa kwanza wa Yassir na mkewe Hawa akapata kichomi akafa mikononi mwa mama yake. Mlima haukuporomoka. Waliporudi walikuta kabichi zimeozea shambani na mbuzi wamekwisha kuibwa, na Yassir akawa mtu wa kukaa kimya mpaka umguse.

Baadaye ndipo alipokuja Mwanahamisi, binti wa hapo hapo Kwemtindi, anayefundisha fizikia chuo kikuu. Alikuja na wenzake na gari na vyuma vya kuchimbia, wakachukua udongo wa mlima kila mahali, wakaondoka. Mwisho wa yote akarudi na jibu: mlima unasimama, hata mvua ikizidi ile mbaya kuliko zote wanazozikumbuka wazee, na kama amekosea basi amekosea kidogo sana. Watu walimchinjia kuku. Yassir alilia mbele za watu, mwanamume mzima, akasema kumbe mwanangu alikufa bure. Toka hapo akalishika lile jibu la dada yake kama hukumu ya kadhi.

Sasa nikueleze kazi yenyewe, kwa sababu bila hiyo hutaelewa kwa nini msomi mzima alikuwa amekaa kwenye tope. Mwanahamisi alikuwa akiuchezesha mlima ndani ya kompyuta. Humo udongo ni punje, punje zimeshikana, mvua inanyesha, na kila punje inarushiwa dadu kuamua kama itaendelea kumshika jirani yake au itamwachia. Maji yakifika kiasi fulani, punje zinaachiana zote kwa mkupuo. Kilichokuwa kigumu kinakuwa uji. Kugeuka huko ndiko alikosomea, maji kuwa barafu, chuma kupoteza sumaku, udongo kuwa uji. Aliuchezesha mlima mara nyingi, akatoa wastani, na pembeni ya wastani akaandika kiasi anachoweza kuwa amekosea. Hicho cha pembeni ndicho kinachopima uaminifu wa mtu wa kazi ile. Chake kilikuwa kidogo mno, naye akafurahi, badala ya kuogopa.

Kwani ilikuwaje? Pale Kwemtindi mgeni hachafuliwi. Waliposikia wataalamu wanakuja, Mzee Shabani, msimamizi wa mfereji unaopita ubavuni mwa mlima kunywesha mashamba, aliufunga kule juu kwenye chanzo siku nyingi kabla hawajafika, ili wageni watembee pakavu. Maharage ya watu yakanyauka na hakuna aliyelalamika. Na hakuna aliyewaambia wageni, maana ukimwambia mgeni taabu uliyoipata kwa ajili yake, umemsimanga. Mwanahamisi alizaliwa hapo, lakini alikuja na gari na kitambulisho shingoni, kwa hiyo na yeye wakamheshimu kama mgeni. Mlima alioupima ulikuwa mlima uliovalishwa nguo za Idi.

Basi udongo wote ule, vifuko kwa vifuko, ulikuwa wa hali moja tu, ukavu wa heshima. Yeye akahesabu kila kifuko kuwa kipimo kinachojitegemea. Ukionja sufuria moja ya maharage mara mia, hujaonja sufuria mia. Halafu akaongeza kosa juu ya kosa: kila alipouchezesha mlima aliuanza mkavu, kwa sababu ndivyo alivyoupima, na udongo ukikaribia kugeuka huwa mkaidi, unang'ang'ania hali uliyoanza nayo. Unatulia. Jibu la sasa linarudia jibu lililopita, na anayehesabu anadhani ana mashahidi wengi, kumbe ni shahidi mmoja anayejirudia. Ndiyo maana kosa lilionekana dogo.

Aligundua kwa simu ya mama yake. Bi Asha alikuwa akilalamikia mvua, kwamba mfereji umepasuka kingo, tena mara hii maji yamezidi, si kama walipoufunga kwa ajili yenu. Alilisema kwa kupita tu. Mwanahamisi akauliza, mliufunga? Mama akacheka, sasa si mlikuwa wageni. Binti akakata simu bila kuaga, akauanzisha mlima upya ndani ya kompyuta, safari hii ukiwa umelowa. Kwa mvua ile ile, mlima ukashuka wote. Akarudia, ukashuka. Na kosa la pembeni likawa dogo vile vile! Majibu mawili, kila moja limetulia, kila moja linamkana mwenzake. Alipouanza na unyevu wa katikati, mlima ulikaa, ukakaa, halafu ukaruka ghafla kutoka hali moja kwenda nyingine, na hakuna mara mbili ambazo uliruka kwa wakati mmoja. Akachukua koti akaenda stendi.

Hayo ndiyo aliyojaribu kumweleza kaka yake, damu inamtoka mdomoni. Alimweleza vibaya, kwa haraka, akichanganya Kishambaa na maneno ya darasani. Yassir alisikiliza amesimama mlangoni amejaza mlango wote. Nyuma yake Hawa alikuwa kitandani, hajamaliza arobaini, na mtoto mwingine kifuani.

"Wewe ndiye uliyeniambia mwanangu alikufa bure," Yassir akasema. "Leo unataka huyu naye nikamuue kwa baridi ya bondeni, halafu kesho uje na hesabu nyingine?"

Mwanahamisi akainuka, akajirusha kumpita, akashika shuka la Hawa akavuta. Alimwambia wifi yake anyanyuke, na kama hanyanyuki atakwenda kuleta watu wa serikali wamtoe kwa nguvu. Lilikuwa neno la kijinga, na alilijua lingali mdomoni. Yassir alimkamata nywele akamtoa nje kwa nywele, akaokota mpini wa jembe akampiga mgongoni, begani, mkononi alipojikinga. Mfupa wa mkono ulilia na yeye mwenyewe akausikia. Akamwambia kuanzia sasa mlango huu una kufuli, na akimwona tena uani kwake atamfanyia jambo ambalo mama yao atalia hadi kaburini. Majirani walisimama barazani wanatazama. Hakuna aliyeingilia, wengi wao walikuwa wamezika au wamepoteza kitu kule bondeni na walikuwa na hamu ya kumwona mtu akipigwa kwa ajili hiyo.

Akapanda kwa mama yake. Nyumba ya Bi Asha ilikuwa juu kabisa, ng'ambo ya korongo, kwenye mwamba ambao hata kompyuta haikuuonea shaka. Nyumba ya mbao za msitu wa Shume aliyoijenga marehemu baba yao, dari imejaa mahindi makavu hadi kwenye bati. Mama alimfunga mkono kwa kanga bila kuuliza nani kafanya. Alijua.

Mwanahamisi alimwambia yote. Bi Asha hakuielewa hesabu na hakujifanya anaielewa. Aliuliza jambo moja tu, kama ana hakika. Binti akasema hapana, hana, na alipokuwa na hakika ndipo alipoharibu. Mama akatazama mvua.

"Kwa maneno hawatatoka," akasema. "Kwa moto watatoka."

Hapo lazima ujue desturi yao. Kwemtindi, nyumba ya mtu ikiwaka, kila mwenye miguu anakuja, mwanamume, mwanamke, mtoto wa kubeba ndoo. Asiyekuja kwenye moto wa jirani, siku yake ya kuzikwa hapati mtu wa kumbeba jeneza, na hilo si tishio, limeshatokea. Mwanahamisi alielewa mama anasema nini, akakataa. Alisema hiyo ni nyumba ya baba. Bi Asha akamjibu kwamba baba yake yuko kaburini hanyeshewi, kisha akatoka mwenyewe, mwanamke wa miaka mingi mwenye magoti mabovu, akaenda nyuma ya nyumba akarudi na galoni la petroli ya msumeno wa injini wa Yassir. Alitoa msahafu, akatoa picha ya mumewe, akavifunga kwenye nailoni. Akakaa juu ya kinu uani, mvua inampiga, akamwambia binti yake awashe.

Jamani, nyumba ya mbao iliyokauka haingoji. Moto ulipanda ukutani ukaingia darini, mahindi yakaanza kupasuka kama bunduki, bati likajikunja likarusha mvuke. Moshi mweusi ulisimama juu ya korongo. Na chini kule yowe likapokelewa nyumba kwa nyumba, alasiri ile ile, na Mwanahamisi akawaona wanatoka. Wote. Wanapanda na ndoo, na masufuria, na watoto mgongoni, wanaanguka kwenye utelezi wanainuka, wanavuka korongo kuja upande wa mwamba. Alilia kwa furaha, wallahi, nyumba ya baba yake inaungua naye analia kwa furaha.

Yassir alifika miongoni mwa wa kwanza, panga mkononi, maana moto mkubwa hivyo mtu hufikiri ni majambazi. Alimwona mama yake juu ya kinu, mzima. Alimwona dada yake na galoni. Akaelewa, na alipoelewa akatoa sauti ambayo waliokuwepo hawapendi kuieleza.

Alimpiga kwa ubapa wa panga. Alimpiga kichwani akaanguka, akampiga miguuni, na wengine nao wakaingia sasa, kwa mateke na fito, wanawake kwa masufuria, maana mchoma nyumba hana mtetezi. Hasira ya mwaka mzima ilipata mtu wa kumwangukia. Bi Asha alikuwa anapiga kelele kwamba ni yeye, ni yeye aliyemwambia awashe, na hakuna aliyemsikia, au walimsikia wakadhani uzee. Mwanahamisi alikuwa amejikunja chini, mkono uliovunjika chini ya kifua, na katikati ya miguu ya watu alikuwa anatafuta miguu ya mtu mmoja. Hakuiona.

"Hawa yuko wapi?" akauliza. "Kaka, Hawa yuko wapi?"

Yassir akasimama, panga juu. Alisema amemfungia. Alisema amefunga kwa nje, kufuli, ili mtu asije akamtoa mkewe nyuma ya mgongo wake, na ufunguo huu hapa, na akaupiga mfuko wa suruali kwa kiganja.

Ndipo Mzee Shabani alipofika, wa mwisho, pumzi zimemwishia. Hakuutazama moto. Alisema mfereji umekauka. Wakamtazama kama mwendawazimu, mvua inanyesha hivi. Akarudia kwamba ametoka juu sasa hivi, maji yanaingia mferejini kwa nguvu zote kule kwenye chanzo na huku chini hayatoki, mlima unayameza. Watu waliacha kupiga. Kwa watu waliozaliwa na mfereji, habari hiyo haikuhitaji kompyuta.

Yassir aligeuka kutazama ng'ambo, nyumba yake ikiwa peke yake yenye watu ndani, na bati lake jipya, chini ya ule ubavu. Halafu akapiga magoti pale pale kwenye tope, akamshika dada yake usoni kwa mikono miwili, uso aliokuwa ameupasua mwenyewe.

"Kuna muda?" akamuuliza. "Wewe ndiye unayejua. Muda upo?"

Mwanahamisi alimtazama. Angeweza kusema hakuna, naye angebaki, au watu wangemshika, na angeishi. Angeweza kusema upo, naye angeshuka kwa moyo mwepesi. Kichwani mwake aliuona ule mlima wa kwenye kompyuta ukikaa, ukikaa, halafu ukiruka, na hakuna mara mbili zilizofanana. Alikuwa ameshamdanganya mtu huyu mara moja kwa kujifanya anajua.

"Sijui," akasema. "Kaka, sijui."

Yassir akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu zuri. Akatupa panga akakimbia.

Walimwona akishuka korongo kwa makalio, akivuka, akipanda. Mwanahamisi alijaribu kumfuata na watu wale wale waliokuwa wakimpiga wakamshika, na safari hii aliwapiga yeye, kwa kiwiko, kwa meno, mpaka mtu mmoja akamlalia. Waliona mlango unafunguka. Waliona Hawa anatoka na kanga kichwani na kifurushi kifuani, na Yassir anamsukuma mbele yake, anamsukuma, mpaka wakavuka korongo, na kwenye ukingo wa huku akamnyanyua akampandisha mwamba wa kwanza kwa mabega yake. Kisha mlima ukaja. Haukuanza kwa kishindo. Ubavu wote ulilegea kwa pamoja, miti ikiwa bado imesimama wima, ikitembea, halafu ndipo kishindo kikafuata na bati jipya likapotea, na msikiti, na madarasa ya madrasa, na migomba yote, na ukingo ule ambao Yassir alikuwa amesimama juu yake ukaondoka naye. Tope lilipita korongoni likivunja magogo. Watu walilala kifudifudi wakasoma kalima.

Waliofukua siku zilizofuata walimpata mbali sana, na sitaeleza walivyompata. Kwemtindi nzima ilitoka hai kasoro yeye. Wako wanaosema Mwanahamisi aliwaokoa, na wako wanaosema kama asingekuwa na ile hesabu yake ya kwanza wasingerudi kuishi pale. Pande zote mbili zina haki, na hayo ni ya watu waliokaa mbali na moto.

Ila jioni ile, nyumba ikiwa imebaki majivu na bati, Hawa alipandishwa juu na wanawake, miguu peku, tope hadi kiunoni, mtoto akiwa mzima na amelala. Hakulia. Alitazama watu mmoja mmoja mpaka akamwona wifi yake ameegeshwa kwenye kinu, jicho moja limefumba. Akaja akachuchumaa mbele yake. Alisema pale mlangoni alimwuliza mumewe kama watawahi, naye akamjibu twende tu, Mwanahamisi kasema. Hakumaliza, akamsukuma.

"Ulimwambia nini?" Hawa akauliza.

Mwanahamisi akamwambia. Hawa akamtikisa mtoto taratibu. Kisha akamzaba kofi, kofi la nguvu zote alizokuwa amebakiwa nazo, na baada ya hapo akamwekea mtoto mapajani, akakaa kando yake kwenye tope.